Usikate bahasha za babu: jibu kuhusu mihuri ya posta ndogo za Uganda

Swali: «Mzee wetu, salaam aleikum. Naandika kutoka Arua. Babu yangu, mzaliwa wa Bombo, alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), kisha akawa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ametuachia sanduku la bati lenye barua kama 140, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1968. Nyingi zina mihuri ya Kampala na Jinja, lakini nimehesabu tisa za posta ndogo: Namasagali, Masindi Port, Rhino Camp, na moja nadhani ni Butiaba ingawa jina limefifia. Moja ina muhuri wa zambarau, na jamaa mmoja amesema ni wa kughushi kwa sababu mihuri ya posta huwa myeusi. Mbili hazina jina la mji, zina namba tu. Rafiki yangu ananishauri nikate mihuri mizuri vipande vya mraba, stempu nizilowekeze kwenye maji ya vuguvugu, kisha nibandike vyote kwenye albamu, maana bahasha zimechakaa. Kuna mfanyabiashara wa Kampala yuko tayari kulipa shilingi 400,000 kwa zote. Je, nikate? Ni adimu kweli? Niuze? Na naweza kwenda kwenye posta ndogo zilizobaki kuomba wanigongee mihuri ili niendeleze mkusanyiko?»

Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: usikate hata moja. Mkasi urudishe kabatini, beseni lirudishe jikoni, na huyo mnunuzi mwombe asubiri. Mengine tuyaendee taratibu, kwa sababu sanduku hilo linastahili subira.

Naelewa kinachokusumbua. Karatasi zinachakaa ukiziona, watu watatu wamekupa ushauri wa namna tatu, na kila mmoja anaongea kama mtu anayejua jambo ambalo wewe hulijui. Mtu akifika hapo hutamani kufanya kitu, chochote, ili ajione ameokoa urithi. Lakini hasara nyingi nilizoshuhudia katika mambo haya zililetwa na mikono yenye nia njema. Nikiwa kijana nilikata bahasha thelathini na moja za mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Soroti. Leo nina vipande thelathini na moja vyenye mihuri safi kabisa, na siwezi kukuambia barua zile zilikuwa zinakwenda kwa nani, zilipita wapi wala zilifika lini. Hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Watu wengi huona stempu ndiyo mali, na muhuri wakauona kama uchafu uliomwagikia juu yake. Kwa nchi yetu mambo yako karibu kinyume cha hapo. Stempu za kwanza za Uganda alizipiga Ernest Millar wa Church Missionary Society kwa mashine ya taipu huko Mengo mwaka 1895, bei zake zikiwa kwa kauri, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama pesa, zile ensimbi ambazo mpaka leo kwa Kiganda ndilo jina la fedha. Zile zilikuwa zetu peke yetu. Lakini kuanzia mwaka 1903 tulitumia stempu moja na jirani. Mwaka 1922 zikaandikwa Kenya na Uganda, na mwaka 1935 Tanganyika ikaingia, ndizo hizi tunazoziita KUT. Uganda haikupata tena stempu yenye jina lake peke yake mpaka mwaka wa uhuru, 1962. Maana yake ni kwamba stempu ya KUT ya senti 20 iliyonunuliwa Moyo ni ileile iliyonunuliwa Mombasa au Mwanza. Ukiibandua ikakaa peke yake kwenye albamu, haina nchi. Kitu pekee kinachoipa nchi, mji na siku ni lile duara la wino ambalo karani aliligonga juu yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barua za babu yako ni za Uganda kwa sababu ya muhuri tu.

Sasa kwa nini nisikuruhusu kukata, ikiwa muhuri ndio wenye uzito? Kwa sababu muhuri ni shahidi, na shahidi anahitaji wenzake. Chukua ile ya Rhino Camp uigeuze. Nyuma ya bahasha mara nyingi kuna muhuri wa pili, hata wa tatu, wa posta zilizoipokea njiani na ya mwisho ilikofikia. Zama hizo njia ya meli na reli kutoka West Nile ilikuwa safari hasa. Unapanda meli Rhino Camp, unaukwea mto hadi Pakwach, unavuka Ziwa Albert mpaka Butiaba. Hapo unashuka, gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Masindi, kisha linashuka hadi Masindi Port. Unaingia meli nyingine ya Ziwa Kyoga mpaka Namasagali, na pale unaikuta reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912, ikupeleke Jinja. Nyuma ya bahasha ndiko utakakojua kama barua yako ilifuata maji hayo au ilichukuliwa na lori kwa njia ya barabara, na ilichukua siku ngapi. Ukikata kipande cha mraba upande wa mbele, umetoboa na nyuma. Umepoteza anwani, umepoteza maandishi ya aliyetuma, na mtu yeyote akikuuliza stempu ile ilitosha kwa barua ya uzito gani, huna la kumjibu. Hapo ni maji yaliyomwagika.

Angalia pia jambo hili: majina matatu kati ya hayo uliyoyataja, Namasagali, Masindi Port na Butiaba, ni ya bandari moja baada ya nyingine kwenye njia hiyohiyo. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zilipandisha maziwa yetu kupita kiasi, bandari za Butiaba na Namasagali zikazama, huduma za meli zikafungwa, na mwaka 1964 reli ikafika Pakwach kwa upande wa Gulu. Miji iliyokuwa na makuli, makarani, maduka na hoteli ikapoa. Mji ukipoa, barua nazo hupungua. Babu yako, kwa kazi yake ya pamba, aliishi humo wakati njia hiyo ingali hai. Bahasha tisa zilizokaa pamoja, za mtu mmoja, za njia moja, zinaeleza jambo ambalo bahasha tisa zilizookotwa huku na huku haziwezi kueleza. Tafadhali usizitenganishe.

Tuje kwenye maji ya vuguvugu. Muhuri wa chuma wa posta ulitumia wino mweusi, mzito, wenye masizi na mafuta. Wino huo huzama kwenye nyuzi za karatasi na hauogopi maji sana. Muhuri wa mpira ulitumia wino wa namna nyingine, rangi iliyoyeyushwa, na ile ya zambarau hasa hutoka upesi ikiguswa na maji. Ukiilowekeza ile bahasha yako ya zambarau, dakika kumi zinatosha kukuachia doa la waridi na beseni lenye rangi nzuri. Wino wa kalamu ulioandika anwani nao utakimbia. Na kama kuna stempu za mwanzo wa karne iliyopita, baadhi zilichapwa kwenye karatasi yenye utando wa chaki, kwa wino uliotengenezwa makusudi uharibike ukioshwa, ili mtu asifute muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Mbinu ile iliwekwa kumkomesha mwizi, lakini mkusanyaji asiye na habari naye inamkomesha.

Kuhusu huyo jamaa aliyesema zambarau ni ya kughushi: alikosea, ingawa kosa lake ni la kawaida. Posta ndogo haikupata daima muhuri wa chuma siku ileile ilipofunguliwa. Muhuri wa chuma ulilazimika kuagizwa, na ukipasuka au kupotea ulilazimika kuagizwa upya. Katikati hapo karani alifanya kazi kwa muhuri wa mpira, au muhuri wa muda wenye herufi za kupangwa, na wakati mwingine kwa pedi ileile ya wino iliyotumika kugonga nyaraka za ofisi. Mara nyingi mihuri hiyo ya muda ilitumika kipindi kifupi sana, na ndiyo maana wakusanyaji huifukuzia. Rangi peke yake haikutoshi kuhukumu, wala huko wala huku. Unachotakiwa kutazama ni kama tarehe inaendana na barua iliyomo ndani, kama wino umepita juu ya stempu ukaendelea kwenye karatasi bila kukatika, na kama muhuri wa kupokelea, ukiwepo, ni wa siku za mbele na si za nyuma.

Zile mbili zenye namba, nina karibu uhakika ni za posta ya jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili posta za jeshi la Afrika Mashariki zilitumia namba badala ya jina la mahali, ili barua ikianguka mikononi mwa adui isimwambie kikosi kiko wapi. Askari wa KAR kutoka Uganda walifika Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kama babu alikuwa kwenye kikosi hicho bahasha zake zinaweza kuwa zimetoka mbali kuliko unavyofikiri. Tafuta pia alama ya mkaguzi wa barua, mara nyingi ni muhuri wa ziada au utepe wa karatasi uliobandikwa pembeni. Namba ileile iliweza kuhama na kikosi chake, kwa hiyo usibahatishe mahali. Andika namba na tarehe, kisha linganisha na orodha za wataalamu wa posta za kijeshi na kitabu cha utumishi cha babu kama mnacho.

Nimeiacha Butiaba kwa makusudi, kwa sababu hapo kuna mtego. Chukua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, iweke juu ya muhuri, ufuate kwa penseli laini kile unachokiona, bila kujaza usichokiona. Kwa kawaida jina la posta liko juu ya duara, UGANDA liko chini, tarehe katikati. Neno UGANDA lina herufi sita, hivyo kitovu chake kiko kati ya A ya kwanza na N. Vuta mstari kutoka hapo, upite katikati ya tarehe, upande juu. Unapogusa jina la posta, hapo ndipo nusu ya jina. Sasa hesabu herufi zilizo kulia kwa mstari.

Mtego ni huu: BUTIABA ina herufi saba, na KAMPALA ina herufi saba. Yote mawili yanaishia kwa A, na yote mawili yana A nyingine nafasi ya tatu kutoka mwisho. Kwenye muhuri uliofifia utaona A, doa, A, na moyo wako utataka kusoma Butiaba. Nenda kwenye herufi ya nne, ile iliyo chini ya mstari wako. Kwenye Kampala ni P, ina kichwa cha mviringo upande wa kulia. Kwenye Butiaba ni I, mti mmoja mwembamba, na kwa sababu ni mwembamba majirani zake husogeleana. Kisha herufi ya pili: A imefunga kwa ncha upande wa nje wa duara, U imeachama upande huohuo. Halafu ya sita: L huacha nafasi tupu juu kulia, B imejaa. Ukipata mbili kati ya hizo tatu bila shaka, umeshaijua. Usipozipata, shika bahasha karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Muhuri wa chuma uligongwa kwa nguvu, na mara nyingine karatasi huwa imebonyea kidogo hata pale ambapo wino haupo. Herufi hujitokeza kama nyayo kwenye vumbi.

Na ukiwa na lenzi yako hapo, soma Masindi Port mpaka mwisho. Masindi na Masindi Port ni posta mbili tofauti, zilizo mbali moja na nyingine, na wauzaji wengi huzichanganya.

Je, ni adimu? Uadimu wa muhuri unatokana na posta ilifanya kazi muda gani, barua ngapi zilipita humo, ngapi kati ya hizo hazikutupwa wala kuwashiwa moto, na muhuri wenyewe umesomeka kiasi gani. Kipengele cha tatu ndicho watu husahau. Posta iliyofanya kazi miaka arobaini katika eneo la wakulima wasioweka karatasi inaweza kuacha bahasha chache kuliko posta ya miaka mitano iliyokuwa karibu na misheni, ambako mapadri walihifadhi kila kitu. Ndiyo maana siwezi kutaja uadimu kwa kutazama ramani tu, na mtu akikutajia kwa simu bila kuona bahasha, usimwamini.

Ila uadimu na bei si kitu kimoja, na hapa nitakuwa mkweli hata kama si habari tamu. Bei inahitaji mtu mwingine anayekitafuta kitu hichohicho. Wanaokusanya mihuri ya posta ndogo za Uganda ni wachache, wengi wako Uingereza na nchi nyingine za nje, na baadhi wamo kwenye chama kiitwacho East Africa Study Circle. Bahasha ambayo pengine imebaki moja duniani inaweza kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana siku ambayo wanaoitaka hawapo. Ikitokea siku hiyo wapo wawili, bei inapanda kwa namna itakayokushangaza. Zile za Kampala na Jinja, mwanangu, nyingi ni za kawaida, na thamani yake kubwa iko kwa familia yenu.

Kama baadaye utaanza kununua, jihadhari na jambo moja zaidi. Stempu za enzi zile ziliandikwa kwamba ni za posta na za ushuru pia, kwa hiyo zile za bei kubwa zilibandikwa kwenye hati na mikataba na kukatwa kwa kalamu. Wako watu waliozisafisha ile kalamu na kugonga juu yake muhuri wa posta wa uongo, kwa sababu iliyopita posta ina bei zaidi. Karatasi iliyosafishwa huwa imepauka, na chini ya taa ya urujuanimno (UV) alama ya kalamu hurudi kuonekana. Kipimo rahisi cha kwanza ni tarehe. Stempu za KUT zenye picha ya Mfalme George VI zilitoka mwaka 1938, zile za kawaida za Malkia Elizabeth mwaka 1954. Ukiona Malkia amegongwa muhuri wa mwaka 1950, rudisha pesa mfukoni.

Sasa hifadhi. Sanduku la bati si baya, lakini lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje, kwa sababu bati hutoa jasho hali ya hewa ikibadilika na unyevu unaingia kwenye karatasi za chini. Toa pini na vibanio vilivyoshika kutu, kwa kuvifungua polepole, usivute. Barua irudi ndani ya bahasha yake, au iwekwe nyuma yake, zisitengane. Kila bahasha iwekwe kwenye karatasi nyeupe safi iliyokunjwa. Yale mafaili laini ya plastiki yenye harufu kali yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi yaepuke, kwa sababu plastiki ile huvuja mafuta yake baada ya miaka na kunyonya wino. Usitumie selotepu. Na nakusihi, usizipeleke laminesheni. Najua tumezoea kulamineti vyeti vya shule na hati za viwanja, lakini joto lile huyeyusha gundi ndani ya karatasi, na hakuna fundi atakayekuja kuitoa. Maelezo yako yaandike kwenye daftari, kila bahasha na namba yake: posta, tarehe, rangi ya wino, mihuri ya nyuma, nani kamwandikia nani. Halafu piga picha mbele na nyuma. Kazi ya jioni kumi, ukifanya bahasha kumi na nne kila jioni.

Kuhusu shilingi 400,000: sizioni bahasha zako, kwa hiyo sitasema ni nyingi au kidogo. Mfanyabiashara anahitaji faida, hilo si kosa. Lakini mtu anayetaka kununua zote 140 kwa mkupuo, huenda ameziona zile tisa na zile mbili za jeshi, na hizo nyingine ni za kufungia mzigo. Unaweza kuuza zote, na utapata pesa leo na kuondokewa na mzigo wa kuzitunza. Unaweza kuuza zile za kawaida na kubaki na za njia ya maziwa. Unaweza kutouza kabisa. Ningekuwa wewe, ningeanza na daftari na picha, ningetafuta makadirio ya watu wawili wengine, na ningetazama bei ambazo vitu vya aina hiyo vimekwisha kununuliwa mnadani, kwa sababu bei ya muuzaji anayetangaza ni matumaini yake tu. Na kabla ya yote hayo, kaa na wajomba na mashangazi. Sanduku la marehemu ni mirathi. Humo mna maneno ya bibi, mna madeni, mna majina ya watoto waliofariki wadogo. Nimewahi kuona ukoo ukigombana miaka sita kwa ajili ya barua ambazo mmoja wao aliuza bila kuuliza.

Jambo jingine la kuangalia ni kama kati ya hizo 140 zimo bahasha zilizotoka kwenye mafaili ya serikali. Wakati mwingine makarani wa zamani walikwenda nazo nyumbani. Kumbukumbu za umma zina sheria yake hapa Uganda, ile ya mwaka 2001 inayohusu kumbukumbu na nyaraka za taifa, kwa hiyo zikiwepo, ziweke kando na uulize kabla ya kuzitoa mkononi.

Umeniuliza pia kama unaweza kwenda kwenye posta ndogo zilizobaki. Nenda, mwanangu, na uende upesi, kwa sababu simu zimemaliza barua na ofisi nyingine zinahesabu siku. Lakini nenda kama mteja. Andika barua ya kweli, ijitumie kwenye sanduku lako la posta, au bora umtumie mtu atakayekujibu. Tia kadi ngumu ndani ya bahasha ili muhuri upate mahali pa kukaa. Bandika stempu juu kulia ukiacha upana wa kidole pembeni. Fika asubuhi kabla ya foleni, msalimie karani, mweleze unachokifanya, mwombe agonge muhuri taratibu mara moja, nusu juu ya stempu na nusu kwenye karatasi. Makarani wengi hufurahi mtu akithamini kazi yao. Ukiweza kulipia rejista, lipia, kwa sababu utapata na namba na mihuri zaidi. Usiombe kamwe tarehe ya nyuma. Na mtu akikuuzia muhuri wenyewe, kile chuma, usinunue: ni mali ya posta, na siku ikijulikana unacho, hakuna atakayeamini tena bahasha yako yoyote.

Usidharau pia vya karibuni. Stempu nyingi za Uganda za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, wanyama wa kila bara na wachezaji wa kila timu, na nyingi hazikuwahi kugusa barua. Bahasha ya kawaida kutoka Kitgum au Kisoro ya miaka hiyo, yenye anwani ya mtu halisi, mimi naiona ni ya kutafutwa kuliko seti nzima inayong'aa. Vivyo hivyo zile stempu zilizopigwa chapa ya UGANDA LIBERATED 1979 baada ya Amin kuondoka. Mpya ni rahisi kuzipata. Zilizosafiri kwa barua kutoka mji mdogo ni habari nyingine. Waulize walimu wastaafu, parokia na misikiti ya zamani, maana hao hutunza karatasi.

Kuna mambo ambayo si ya kujifanyia mwenyewe. Ukiona ukungu wenye manyoya, meusi au ya kijani, funga bahasha hizo peke yake, vaa barakoa, usipige brashi ndani ya chumba cha kulala, na tafuta ushauri wa watunzaji wa Makumbusho ya Taifa pale Kitante au wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Karatasi zilizogandana usizibandue kwa mvuke wa birika. Na endapo chini kabisa ya sanduku utakuta kijikaratasi kilichopigwa taipu na namba za kauri, kisishikwe na watu wengi, kisiuzwe kwa picha. Kitu kama hicho hupelekwa kwa kamati ya wataalamu, kama ile ya Royal Philatelic Society London, wakitazame wenyewe na kutoa cheti, kwa sababu zile za 1895 zimeghushiwa mara nyingi.

Anza na bahasha ile unayodhani ni Butiaba. Piga picha tatu: mbele, nyuma, na muhuri peke yake, kwa mwanga wa dirisha wa asubuhi bila kuwasha taa ya simu. Weka rula pembeni ili kipimo cha duara kionekane, unitumie pamoja na ile michoro yako ya penseli. Nitakuambia ile herufi ya nne mimi naiona kuwa nini.